Jiwe la Kaburi na Kalamu ya Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka niseme neno, aliniachia uhuru wa kuchagua jambo lenyewe. Nilifikiri habari za mishahara, na za nyumba, na za vyeo. Nikaona hayo twayasema kila tukutanapo, hata yamechakaa. Basi nimechagua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na ofisi zetu, nalo ni hili: namna mtu awezavyo kuwatafuta wazee wake kwa kufuata makaburi ya kale na machimbo ya zamani. Nawaombeni subira, maana kabla sijaketi nataka kuwaonyesha ya kuwa jambo hili lazihusu kalamu zetu sisi makarani kuliko mnavyodhani.

Naanza nyumbani kwetu. Mimi ni mtu wa Rungwe. Baba wa babu yangu aliondoka kwake mwezi wa Juni mwaka 1937 kwenda Lupa kuchimba dhahabu, akamwacha mke mmoja na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo ndiye babu yangu, naye yu hai hata leo. Mwanamume yule hakurudi. Hakuleta barua, wala fedha, wala salamu. Mwaka ukapita, na wa pili, watu wakaanza kusema yale ambayo watu husema: kwamba ameoa mwanamke mwingine kambini na kusahau kwao. Babu yangu akakua akiitwa "mwana wa mtoro." Wenzake walipopewa mashamba na baba zao, yeye aliomba kwa wajomba. Najua ya kuwa jina lile lilimchoma maisha yake yote, kwa sababu yeye mwenyewe hakulitaja kamwe. Mimi nililisikia kwa watu wengine.

Siku moja, tulipokuwa matangani, mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Wewe uliyesoma, ambaye kazi yako ni kuandika vizazi na vifo vya watu, baba wa babu yako amelala wapi?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo ilipoanza safari ninayotaka kuwaeleza.

Imenipasa kwanza kusema machache juu ya Lupa, kwa ajili ya wenzetu wasioijua. Lupa ni nchi iliyo kaskazini ya Mbeya, ng'ambo ya milima, katika Wilaya ya Chunya. Katika miaka ya 1920 watu walikuwa wakichekecha dhahabu katika mchanga wa vijito vyake, na katika miaka ya 1930 watu wakafurika huko. Sababu yake si ngumu kufahamu. Mashaka ya biashara ya dunia yalipoanza mwaka 1929, bei za mazao ya mashamba, kama vile katani na kahawa, zilianguka sana. Lakini bei ya dhahabu ilipanda. Uingereza iliacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu mwezi wa Septemba 1931, na mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya aunsi moja kutoka dola 20.67 hata dola 35. Mzungu aliyekosa kazi akaona heri achukue sururu na karai aje Lupa kubahatisha. Na nyuma ya kila Mzungu mmoja walikuwako Waafrika wengi wa kuchimba, kubeba na kuosha mchanga. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa biashara ya machimbo hayo. Watu wa kwetu walivuka milima kwa miguu, kwa kuwa kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwako Lupa.

Nilipopata likizo yangu nilikwenda Chunya, nikapita mbele mpaka penye machimbo ya zamani ambayo mzee mmoja wa huko alikubali kunionyesha. Palikuwa na mahali pa makaburi, pamezungushiwa ua uliokwisha kuanguka nusu. Ndani yake mlikuwa na mawe machache ya kuchongwa, yote ya Wazungu waliotangulia kuchimba. Sikuwa na jamaa ndani ya ua ule. Walakini nilikaa siku mbili nikiyasoma, nikajifunza mambo ambayo yatamfaa mtu yeyote atakayefanya kazi hii.

Jambo la kwanza ni kwamba jiwe la kale halisomwi wakati wa adhuhuri. Jua likiwa utosini, herufi hazina kivuli, na maandishi hutoweka. Njoo asubuhi mapema au jioni, mwanga unapolala ubavuni mwa jiwe. Ama shika kioo ukaurudishe mwanga kwa upande, nawe utaona herufi zikiinuka kama zimechongwa jana. Jambo la pili, usilisugue jiwe kwa waya wala kwa kisu, wala usilipake chaki. Maji safi na brashi laini yatosha. Ukizidisha, utafuta wewe yale ambayo mvua ya miaka 80 haikuyafuta. Jambo la tatu, nakili maneno kama yalivyo, hata kosa la herufi ulinakili, kwa maana ukilisahihisha utamnyima mwingine dalili. Jambo la nne, andika pia jina la kaburi la kulia na la kushoto, na upande linakoelekea, kwa sababu jirani za kaburini mara nyingi ni jirani za kambini, au ndugu, au watu waliokufa kwa maradhi mamoja katika juma moja.

Waarabu huliita jiwe la kaburi kwa neno "shahidi," neno lile lile tulitumialo sisi barazani. Naona ni jina linalofaa sana. Lakini ninyi mliokaa barazani mwajua ya kuwa shahidi hana budi kuhojiwa. Ni nani aliyeliweka jiwe hili? Aliliweka lini? Habari zake alizipata kwa nani? Pengine jiwe liliwekwa miaka kumi baada ya maziko, na mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari, akikadiria umri wa marehemu kwa kumbukumbu tu. Jiwe huweza kukosa mwaka, huweza kukosa jina, huweza hata kusimama mahali ambapo mwenyewe hakuzikwa. Kwa hiyo usiliamini mpaka umelipatanisha na shahidi wa pili, yaani kitabu.

Siku ya tatu yule mzee alinitoa nje ya ua, tukavuka kijito kikavu. Huko, chini ya miti, kulikuwa na vichuguu vya mawe yaliyokusanywa kwa mkono. Nilihesabu arobaini na zaidi. Nilizunguka kimoja kimoja nikitafuta alama, ama msalaba, ama hata mkwaruzo wa msumari. Hapakuwa na herufi hata moja. Mzee akaniambia, "Hawa ndio wa kwenu, na wa kwetu, na wa kila mahali."

Hata hivyo sikukata tamaa, maana mimi ni karani, najua ya kuwa penye vibarua hapakosi daftari. Baada ya kuuliza sana nilibahatika kuonyeshwa daftari la zamani la vibarua wa mgodi mmoja, ambao sitautaja jina. Nalipokea kwa mikono miwili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, mistari imenyoka, hesabu za posho hazina kosa. Lakini majina! Ukurasa mmoja ulikuwa na watu watano walioitwa Januari, na watatu walioitwa Shilingi, na mmoja Sabuni. Penye nafasi ya kwao, wote waliandikwa "Rungwe," basi. Hapana jina la baba, wala la kijiji, wala la mkubwa wa nchi. Na katika safu ya mwisho, mbele ya majina mengi, liliandikwa neno moja tu: "Hayupo."

Ndugu wanachama, nilikaa na neno lile kwa muda mrefu. Aliyekufa hayupo. Aliyetoroka hayupo. Aliyemaliza mkataba akaenda kwao hayupo. Karani yule hakusema uongo. Aliandika lililo kweli, lakini aliandika kidogo mno hata ukweli ule ukakosa faida. Kwake yeye ilikuwa ni kufunga hesabu ya posho, ili siku ya Jumamosi asitoe kibaba cha unga zaidi. Kwa mtoto aliyekuwa akingoja nyumbani, lilikuwa ni neno la maisha yote.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nikafikiri kwamba pengine hali hii ilikuwa ya Lupa tu, kwa kuwa Lupa ilikuwa kambi ya haraka, iliyo mbali na miji. Nikataka kujua mambo yalikuwaje penye machimbo makubwa, yenye mji, na hospitali, na makarani wengi. Nikaanza kusoma habari za Kimberley katika Afrika ya Kusini, kwa maana huko ndiko ulikokomaa mtindo wa kukusanya wachimbaji kutoka nchi za mbali na kuwaweka kambini, mtindo ambao baadaye uliwagusa hata watu wetu. Wazee wengi wa Rungwe walikwenda katika dhahabu ya Johannesburg kwa njia ya Wenela, na neno hilo hamtakosa kulisikia mkiketi nao.

Mwaka 1867 ilijulikana almasi ya kwanza ya nchi hiyo, karibu na Mto Orange, nayo ikapewa jina la Eureka. Mwaka 1869 mchungaji mmoja Mgriqua aliuza jiwe la karati 83 na nusu kwa kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi mmoja. Jiwe hilo nalo likapewa jina, Star of South Africa, maana yake Nyota ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1871 almasi zilionekana katika kilima kilichoitwa Colesberg Kopje, watu wakakichimba hata kilima kikageuka shimo. Mji wa hapo ukaitwa Kimberley mwaka 1873. Mwaka 1888 ikaundwa kampuni ya De Beers, ikayaunganisha machimbo ya hapo. Kazi ya shimo hilo ilipokoma tarehe 14 Agosti 1914, lilikuwa limekwisha kutoa zaidi ya kilo 2,700 za almasi.

Tangu mwaka 1885 hivi, wachimbaji Waafrika walifungiwa kambini kwa muda wote wa mkataba wao, ili wasitoke na almasi. Wengi walikufa humo na katika hospitali za mji. Wakazikwa, na kwa muda wa miaka mia hivi hakuna aliyesimama juu ya makaburi yao akajua. Hata mwezi wa Aprili mwaka 2003, halmashauri ya mji ilipokuwa ikichimba mtaro wa maji ya mvua kando ya makaburi yaitwayo Gladstone, wachimbaji wa mtaro walikuta mifupa ya watu. Wataalamu wakaitwa, wakafukua kwa uangalifu, wakapata mabaki ya watu 107 waliozikwa kati ya mwaka 1897 na 1900 bila alama juu yao. Waliipima mifupa, wakailinganisha na vitabu vya zamani vya hospitali. Wakaona dalili za kiseyeye, ambacho hutokana na kukosa mboga na matunda mabichi. Wakaona mifupa iliyovunjika, na mingine iliyokatwa na waganga kwa msumeno kwa sababu ya ajali.

Tazameni, mifupa huweza kusema mengi. Hutaja umri, na urefu, na chakula, na jeraha, na maradhi. Lakini jina haiwezi kulitaja. Katika mji ule ule mawe ya almasi yalipewa majina ambayo watoto wa shule huyajua hata leo. Watu walioyatoa mawe hayo ardhini hawakupewa hata jiwe moja la kawaida la kuwataja.

Wala tusiwacheke watu wa Kimberley, maana kwetu pia ni vivyo hivyo. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi waliichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga sarafu huko Tabora, kila moja ya rupia 15, yenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Hesabu ya sarafu hizo imehifadhiwa mpaka moja ya mwisho: zilikuwa 16,198. Mtu aliyeshika kalamu siku zile alijua kuhesabu vizuri. Alihesabu kile alichoambiwa ni mali.

Sasa, mabwana, katika mji huo huo wa Kimberley liko kaburi jingine ambalo lina jiwe, na habari zake zimenitia moyo sana. Ni kaburi la Sol Plaatje, katika makaburi ya West End. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1876, akasoma katika misheni ya Pniel, na mwaka 1894 akaingia kazi ya kupeleka simu za maandishi katika posta ya Kimberley. Mwaka 1898 akawa mkalimani wa baraza huko Mafeking. Yaani alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, mwenye mshahara mdogo kama sisi. Mji wa Mafeking ulipozingirwa na Makaburu, kuanzia Oktoba 1899 hata Mei 1900, aliandika kitabu cha siku kwa mkono wake, akaeleza mambo aliyoyaona. Kitabu kile kilikaa kimya zaidi ya miaka 70, kikapigwa chapa mwaka 1973. Na kwacho dunia ikajua yale mazingiwa kwa macho ya Mwafrika, si kwa macho ya maafisa peke yao. Alikufa mwaka 1932. Halmashauri niliyoitaja, iliyochimba mtaro ule wa mwaka 2003, leo yaitwa kwa jina lake.

Nilipoyaweka mambo haya mawili pamoja, watu 107 wasio na jina na karani mmoja aliyeandika, nilifahamu kosa langu. Nilikuwa nimekwenda Lupa kutafuta jiwe. Ilinipasa kutafuta mkono ulioandika.

Nikaanza upya, na safari hii nilianza na wazee. Nilimwendea shangazi wa babu yangu, mwanamke mkongwe sana, nikamwuliza, si "Alikwenda wapi?" bali "Aliitwa nani?" Naye akanipa majina matatu. Lilikuwako jina la nyumbani, alilopewa na baba yake. Lilikuwako jina la ubatizo, ambalo sisi tuliozaliwa nyuma hatukulijua kabisa. Tena akanitajia jina la mama yake, na jina la kijiji cha rika lake, kwa kuwa zamani watu wa kwetu walikaa kwa vijiji vya marika. Aliyeitwa Januari kambini hakuwa na kwao. Lakini mwenye majina haya alikuwa nako.

Kwa majina hayo nilikwenda misheni, nikaomba ruhusa kufunua vitabu vya ubatizo. Mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa. Siku ya pili nikakiona kidole cha maandishi madogo pembeni ya ukurasa, mbele ya jina la ubatizo nililoambiwa na bibi, pamoja na jina la baba, na la mama, na la kijiji. Mwalimu wa siku zile aliandika hivi: "Amefariki Lupa, Novemba 1937, kwa kichomi. Amezikwa ng'ambo ya kijito, nje ya kambi. Habari imeletwa na mwenzake waliyelala nyumba moja. Mkewe amehama, nimemtafuta, sikumpata."

Niliuliza, nikapata maelezo ya yaliyobaki. Mwaka ule chakula kilipopungua, mama yule alichukua mtoto wake akavuka Mto Songwe kwenda kwa ndugu zake, akakaa huko miaka miwili. Aliporudi, mwalimu alikuwa amekwisha hamishwa. Naye aliyeshika nafasi yake hakufunua kurasa za nyuma. Ninyi nyote mwajua jambo hili hutokeaje. Hakuna aliyefanya ubaya. Karani alihamishwa, na faili likafungwa.

Nilinakili maneno yale, nikampelekea babu. Nilimkuta ameketi nje, katika jua la asubuhi. Nikamsomea. Akasema, "Soma tena, mjukuu wangu." Nikasoma tena. Akahesabu kwa vidole tangu Juni hata Novemba, akasema, "Miezi mitano." Kisha akanyamaza kitambo kirefu. Nilidhani angeuliza juu ya kaburi, au juu ya kichomi, lakini hakuuliza hayo. Aliniuliza, "Huyo aliyeandika kwamba alimtafuta mama, ni nani?" Nikamwambia ni mwalimu, na jina lake halimo. Babu akasema, "Basi alikuwako mtu aliyetutafuta."

Nilimwambia babu kwamba twaweza kwenda Lupa, tukachagua kimoja cha vichuguu vile tukakiwekea jiwe lenye jina. Akakataa. Akasema, "Humo mna watu wa watu. Usimwekee baba yangu shahidi wa uongo juu ya mwana wa mwingine." Basi tuliweka jiwe nyumbani, penye migomba, tukaandika majina yake yote mawili, na jina la baba yake, na mwaka, na maneno "Amelala Lupa." Siku ile babu aliwaita watu wote wa mtaa, hata wale waliokuwa wakimwita mwana wa mtoro, akawapa chakula. Hakuwaambia neno. Aliwaacha wasome jiwe, na wasiojua kusoma wakasomewa na watoto.

Ndugu wanachama, nadhani sasa mwaona kwa nini nimeileta habari hii mbele ya makarani. Niruhusuni nimalize kwa mashauri mawili, moja kwa mtafutaji na moja kwa mwandikaji.

Kwa mtafutaji nasema: anza na wazee walio hai, maana wao hawangoji kama mawe yangojavyo. Uliza majina yote ya mtu, la nyumbani, la dini, la kambini. Uliza jina la mama, kwa sababu wengi walio na jina moja hutengwa na mama zao. Kisha nenda kwenye vitabu vya misheni na vya misikiti, na vitabu vya baraza, na Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam. Mwisho nenda makaburini, ukapatanishe uliyosikia na uliyosoma. Mimi nilianza mwisho, nikapoteza likizo nzima.

Kwa mwandikaji, yaani kila mmoja wetu, nasema hivi. Kila siku watu husimama mbele ya dirisha letu, nasi tumechoka, na foleni ni ndefu, na nafasi ya kuandikia ni finyu. Twaona inatosha kuandika jina moja, na wilaya, na kuweka alama. Nawaomba tusifanye hivyo. Tuandike jina la mtu, na la baba yake, na la kijiji chake. Akiwa amekufa, tuandike amekufa. Amehama, tuandike amehamia wapi. Hatujui, tuandike kwamba hatujui, na jina la aliyetupa habari. Tusiandike "Hayupo." Na tunapohamishwa, tumwonyeshe atushikiaye nafasi yale ambayo hayajakwisha, ili kurasa za nyuma zisife kwa sababu tu mwandiko si wake.

Jiwe la kaburi ni ghali, nao watu wengi wa nchi hii walizikwa, na bado huzikwa, bila jiwe. Wino haugharimu kitu, tena serikali ndiyo iununuayo. Kwa watu hao ukurasa wetu ndio jiwe lao, na hawatapata jingine.

Tena naleta ombi mbele ya Kamati: kila tawi lichague wanachama wawili wanakili majina yaliyo juu ya mawe ya kale katika wilaya yao, na yaliyo katika vitabu vinavyoliwa na mchwa, hasa penye machimbo ya zamani. Mimi na wenzangu wa tawi letu tumekwisha anza na vile vichuguu vya Lupa. Hatukuandika majina, kwa kuwa hayapo. Tumeandika idadi yake, na mahali pake, na kwamba ni makaburi ya watu, ili siku moja mwenye kuchimba mtaro asifike pale bila habari.